Nemanja Matić: mamluki, au klabu ndizo zilizomhamisha?

Wadau, naleta hoja mezani, tujadili bila matusi.

Juzi tulikuwa bandani tukisubiri mechi, mmoja wetu akaonyesha kwenye simu picha ya Nemanja Matić, kiungo wa Serbia, akiwa na jezi ya Sassuolo ya Italia. Kaka yetu mmoja, shabiki wa Manchester United tangu enzi za Ferguson, akatoa hukumu papo hapo: "Huyo mamluki tu. Klabu kumi, hana mapenzi na jezi yoyote." Banda zima likakubali. Nilijaribu kubisha, mpira ukaanza, sauti yangu ikamezwa na kelele. Imenikera hadi leo.

Klabu kumi ni kweli. Kolubara ya kwao Serbia, Košice ya Slovakia, Chelsea, Vitesse ya Uholanzi, Benfica ya Ureno, Chelsea tena, Manchester United, Roma ya Italia, Rennes na Lyon za Ufaransa, na tangu Agosti 2025 Sassuolo, akiwa ametimiza miaka 37. Nchi saba. Kiguu na njia, sikatai. Ninachokataa ni hilo neno mamluki. Mamluki huondoka kwa hiari yake kufuata dau nono. Kwa Matić, kila safari inabidi kwanza tuulize nani aliyefungua mlango.

Chelsea ilimtoa Košice mwaka 2009 kwa pauni milioni 1.5 hivi, kijana wa miaka 21, akakuta eneo la kiungo limejaa Lampard, Essien, Ballack na Mikel. Alionja dakika chache, akapelekwa Vitesse kwa mkopo. Januari 2011 Chelsea wakamtaka David Luiz wa Benfica, na Matić akatiwa kwenye malipo kama nyongeza juu ya fedha taslimu. Kiswahili kina neno la hilo: alihamishwa. Nani kati yetu angemwita mamluki mtu aliyetumika kulipia beki?

Na Lisbon, kwa Benfica, ndiko alikozaliwa upya. Kabla ya hapo alikuwa kiungo wa kucheza mbele zaidi. Kocha Jorge Jesus akamrudisha nyuma, akamfundisha kukaba, kusoma njia za pasi, kukaa mahali mpira utakapopita. Mwaka 2012 Javi García akauzwa Manchester City na Axel Witsel akaenda Zenit, na mzigo wote wa kiungo ukamwangukia yeye. Akaubeba mpaka akawa mchezaji bora wa msimu wa ligi ya Ureno. Bao lake la Januari 2013 dhidi ya Porto, shuti la kuunganisha mpira ukiwa hewani, lilishika nafasi ya pili tuzo ya Puskás, ya bao bora la mwaka, nyuma ya lile la Ibrahimović. Mei mwaka huohuo akacheza fainali ya Ligi ya Europa pale Amsterdam dhidi ya klabu ileile iliyomtoa kama chenji, na Benfica wakafungwa 2-1 kwa kichwa cha dakika za nyongeza cha Branislav Ivanović, Mserbia mwenzake. Mimi ni shabiki wa Chelsea. Usiku ule nilishangilia, lakini macho yangu yalikuwa kwa yule jamaa mrefu wa Benfica, nikijiuliza tulimwachiaje.

Januari 2014 Chelsea wakamrudisha kwa takriban pauni milioni 21. Msimu wa 2014/15 tukatwaa ubingwa, yeye akiwa ukuta mbele ya mabeki. Halafu ikaja Oktoba 2015, mechi na Southampton. Kocha wetu José Mourinho alimwingiza kipindi cha pili kinaanza, na kabla nusu saa haijaisha akamtoa. Kwa mchezaji hakuna aibu kubwa kuliko hiyo: kuingizwa ukiwa mzima, ukatolewa ukiwa mzima, uwanja wa nyumbani ukikutazama. Mtu mwingine angeweka kinyongo cha maisha. Matić alimfuata kocha huyohuyo United mwaka 2017, kisha Roma mwaka 2022. Hapo ndipo naona watu wanakosea wanaposema hana mapenzi. Kuna wachezaji wanaofungamana na jezi, na kuna wanaofungamana na mwalimu anayejua namna ya kuwatumia. Matić ni wa kundi la pili, na sioni kwa nini kundi hilo liitwe la wasaliti.

Sasa kidonda changu. Aprili 2017, nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Tottenham, alipiga lile shuti la mbali lililokamilisha 4-2. Mwezi uliofuata akawa bingwa wa England tena. Julai, Chelsea hiyohiyo ikamnunua Tiemoué Bakayoko kutoka Monaco, na siku ya mwisho ya mwezi ikamuuza Matić kwa United, wapinzani wetu, kwa kama pauni milioni 40. Msimu mmoja tu baadaye Bakayoko alikuwa Milan kwa mkopo. Niliilaumu klabu yangu wakati ule na naendelea kuilaumu. Kumwita Matić msaliti kwa biashara ile ni kumwonea.

Pale United alicheza mechi 189 bila kombe hata moja. Wengi mnakumbuka Machi 2018, Crystal Palace walikuwa mbele 2-0, United wakasawazisha, na yeye akamaliza kwa shuti la nje ya boksi dakika za majeruhi, 3-2. Lakini ninalolikumbuka zaidi ni la Novemba mwaka huohuo. Kila mwezi huo Waingereza huvaa ua jekundu kuwakumbuka askari wao waliokufa vitani. Matić akacheza bila ua. Alieleza hadharani kwamba hataki kumvunjia heshima mtu yeyote, ila ua lile linamrudisha kijijini kwao Vrelo mwaka 1999, akiwa mtoto mwenye hofu wakati nchi yake ikipigwa mabomu ya NATO. Alijua atazomewa, na alizomewa. Anayejali dau tu angebandika ua kifuani, acheze, aende benki. Unaweza usikubaliane naye, lakini mtu asiye na msimamo hafanyi vile.

Nisiwe mnafiki, kuna upande wa pili. United aliondoka mwenyewe mwaka 2022, na mkataba ulikuwa bado haujaisha. Roma alikaa msimu mmoja, akafika fainali ya Ligi ya Europa Budapest, wakashindwa na Sevilla kwa penalti, na Agosti 2023 akaenda Rennes. Huko hata mwaka haukuisha. Januari 2024 akaacha kufika mazoezini, na sababu iliyotajwa ni kwamba familia yake haikupata shule ya kimataifa ya kuwafaa watoto. Mwezi huohuo akauzwa Lyon. Hapa mlango aliufungua yeye, tena kwa teke. Mimi ni mzazi, najua shule ya mtoto inavyoweza kukupa usingizi wa mang'amung'amu, kwa hiyo sababu naielewa. Njia siielewi. Unaongea na klabu, unamaliza wiki zako, unaaga. Kutofika mazoezini ni kuwaacha wenzako solemba, na mashabiki wa Rennes wana haki ya kukasirika. Hata hivyo, Lyon aliyoikuta ilikuwa imetoka kuburuza mkia wa Ligue 1, ligi kuu ya Ufaransa, na ilimaliza msimu nafasi ya sita ikafika na fainali ya Kombe la Ufaransa.

Naongeza baada ya kusoma majibu yenu ya mwanzo.

Mmoja ameandika kwamba Matić aliitukana United kupitia André Onana, kipa wao wakati ule. Kumbukumbu: Aprili 2025, kabla ya Lyon na United kukutana Ligi ya Europa, Onana alisema timu yake ni bora zaidi, na Matić akamjibu kwamba kipa huyo ni mmoja wa wabovu zaidi katika historia ya United. Mechi ya kwanza iliisha 2-2 na mabao yote mawili ya Lyon Onana alikuwa na lawama, ya pili United wakapindua Old Trafford 5-4. Maneno yale yalikuwa makali mno, kwa umri wake angenyamaza. Lakini yalimlenga kipa. Jezi ya United hakuigusa.

Mwingine anauliza kwa nini basi hakurudi Serbia kumalizia soka lake kama kweli ana mapenzi. Alichezea taifa mechi 48, akaenda Kombe la Dunia 2018 Urusi, akastaafu timu ya taifa mwaka 2020. Kuamua mtu azeekee wapi si kazi ya mashabiki.

Kwa hiyo mnaoshikilia mamluki, njooni na uhamisho mmoja mmoja na mseme nani aliufungua mlango. Wa Rennes nimeshawapa.