Mjusi anaingia mu nyumba kila usiku, ni alama gani?

Mama Furaha, Goma (Ndosho)
Jameni bandugu mwenye anajua anisaidie. Tunaishi mu nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano, na toka juma pili kuna kamjusi keupe-upe kanaingia usiku mu salo, kanapanda ukutani karibu na ampuli kanatuangalia tu, macho hakafungi hata mara moja. Siku ya kwanza nilikafukuza na fagio, ya pili kakarudi, ya tatu mume wangu akakapiga, mkia ukakatika ukabaki unacheza peke yake chini na kenyewe kakakimbia. Ule mkia njo uliniogopesha. Asubuhi nikamwambia jirani, ni mama wa maombi, akasema huyo si mjusi huyo ni mtu ametumwa, kiisha akaniuliza: na ule mtoto mulileta alifika siku gani? Ni mtoto wa marehemu dada yangu, iko na miaka 9, alitoka Masisi juu ya vita, anakojoa kitandani na usiku anaongea mu ndoto. Toka ile siku na mimi naanza kumwangalia vingine, na sipendi hii roho inaniingia. Mjusi mu nyumba ni nini kiroho?

Mtumishi, Goma (Majengo)
Dada usichukulie hivi hivi. Mara tatu mfululizo si bure. Walawi 11 inamtaja mjusi kati ya vitu najisi. Funga siku tatu, omba, mtoto naye aombewe, ulizeni ametoka na nini kule.

Mwalimu wa zamani, Bukavu (Kadutu)
Mtumishi, maombi sawa, hakuna mwenye anakataza, lakini hiyo ya "ametoka na nini" wacha kabisa. Njo vile inaanzaka: leo mjusi, kesho mtoto anaulizwa maswali usiku kucha, ananyimwa chakula, mwisho analala ku soko. Nimefundisha watoto wa hiyo hali darasani kwangu, najua ninachosema. Na sheria ya inchi iko wazi, Katiba ya 2006 kifungu cha 41 inakataza kusema mtoto ni mchawi, na sheria ya kulinda mtoto ya 2009 inamwadhibu mwenye anafanya hivyo, hata akiwa mzazi. Walawi 11 inaongelea nyama ya kula na kugusa mizoga, haisemi mjusi ametumwa na mtu. Soma tena Methali 30, pale inahesabu vitu vine vidogo vyenye akili, mjusi ni wa mwisho, anakaa mpaka mu nyumba za wafalme (Biblia zingine zinaandika buibui). Mama Furaha, mtoto mwenye ameona vita kukojoa kitandani mara nyingi ni woga, si uchawi. Mpeleke kwa muganga wa centre de santé, na usimpige juu ya mashuka.

Baba Mapasa, Lubumbashi (Katuba)
Mimi naongea juu ya mjusi mwenyewe. Hako ni ka usiku, ngozi laini, vidole vinashika ukuta mpaka ku plafo. Kanafuata ampuli juu ampuli inaita imbu na vipepeo vya usiku, kanakula. Kanarudi pahali pamoja kama weye unavyorudi ku duka yenye iko na unga. Macho hakafungi kwa sababu hakana kope, kanayapangusa na ulimi. Mkia kanauacha kenyewe, adui abaki anauangalia ule unacheza, kenyewe kakimbie, kiisha mwingine unaota. Sumu hakana. Funika tu chakula na unawe mikono, mavi yake yana mikrobe.

Uoga wa mjusi ni wa zamani lakini. Kule kusini Wazulu wanasimulia Mungu alimtuma kinyonga awaambie watu hawatakufa, akachelewa njiani anakula, mjusi akatumwa nyuma na habari ya kifo, akafika mbele. Ni hadithi nzuri sana, ila ona: hata mu ile hadithi mjusi alitumwa na Mungu, hakutumwa na mtoto wa mtu.

Mariamu, Goma (Birere)
Kwetu Waislamu iko hadithi mjusi wa nyumba alipuliza moto wa nabii Ibrahimu, kwa hiyo kumuua kuna thawabu. Nilikua na hiyo, baba alikuwa anawaua na kiatu. Lakini sijasikia hata siku moja sheikh wetu akisema mjusi akiingia kuna mtu wa nyumba amemtuma. Mama, mshike huyo mtoto vizuri, ni yatima.

Mama Furaha, Goma (Ndosho)
Asanteni wote, nimesoma mara mbili na nimelia. Jana usiku tulihamisha ampuli ku mulango wa inje, na kweli kamjusi kakahamia huko, na mkia wake mfupi. Mtoto njo alikaona wa kwanza, akaniita mama mudogo kuya uone kanakula. Tulikaa naye pale mpaka akasinzia. Jirani amepita asubuhi akauliza kama tumeanza kufunga, nikamwambia ya mjusi tutaongea, ya mtoto hapana, asimuulize tena. Amekasirika. Juma tatu tunaenda kwa muganga.