Naomba ushauri: nakala ya Rolex Datejust 1601 inaweza kufanana na ya asili kwa kiasi gani?

MtotoWaNjanja, Lubumbashi

Jambo wazee wangu na ndugu zangu. Mimi ni mpenzi wa saa za zamani, ingawa bado ni mwanafunzi katika mambo hayo, na kuna jambo linaloninyima usingizi tangu juma lililopita. Ninatafuta nakala ya Rolex Datejust namba 1601, ile ya chuma yenye duara la dhahabu nyeupe la mifereji kuzunguka kioo. Mtu mmoja wa Kasumbalesa anasema anaweza kunipatia iliyotengenezwa vizuri kiasi kwamba hata aliyeivaa ya asili kwa miaka hamsini hataitambua. Je, anasema kweli? Naomba mnijibu mapema, maana mwisho wa mwezi umekaribia.

FundiMkono

Ndugu, mimi hushinda mezani na saa za watu pale Kamalondo, kwa hiyo nitakueleza ninavyoziona. Kioo cha 1601 ni cha plastiki ngumu: ukikigonga kwa ukucha hutoa mlio mzito, na kikichubuka mwenyewe hukisugua kwa dawa ya meno kikarudi kung'aa. Nakala nyingi hutiwa kioo cha madini au cha yakuti, chenye ubaridi na mlio mkali. Mifereji ya duara lile, kwa kuwa ni ya dhahabu, hulainika kwa miaka ya kupita kwenye mikono ya shati, lakini ya nakala hukwaruza kidole kama kisu kipya. Kisha kuna sauti. Mtambo wa ndani ya saa hiyo, uitwao 1575, hupiga mara 19,800 kwa saa, yaani mapigo matano na nusu kwa sekunde, ilhali mitambo ya bandia inayosifiwa sana hupiga 28,800. Jicho linaweza kudanganyika, lakini sikio lililolala juu ya mkono wenye saa hiyo kila usiku halidanganyiki.

Sasa nami nikuulize. Swali lako ni la saa, lakini ndani yake kuna mtu aliyejificha. Huyo aliyeivaa miaka hamsini ni nani?

MamaKadima

Mwanangu, achana na vitu bandia. Shemeji yangu alikuja kwenye harusi ya binti yetu na saa ya rangi ya dhahabu, akawa anainyoosha mkono kila mpiga picha anapopita. Jua la Oktoba lilipomtoa jasho, mkono ukageuka kijani mpaka kwenye kiwiko (labda nimezidisha, lakini picha ninazo). Marehemu baba yangu aliyekuwa njanja, kwenye treni, alikuwa na saa ya bei ndogo tu, na hakuwahi kuona haya kuitazama mbele za watu.

MtotoWaNjanja, Lubumbashi

Asante Fundi, asante mama. Ni mzee mmoja wa familia. Ninachotaka kujua hasa ni kama mapigo hayo yanaweza kupunguzwa.

FundiMkono

Hayapunguzwi, labda utafute mtambo mwingine wa zamani unaopiga polepole. Lakini sijibu lolote zaidi mpaka useme saa ya huyo mzee iko wapi.

MtotoWaNjanja, Lubumbashi

Sawa, nitasema. Saa ni ya baba mkubwa, aliyeinunua Brussels mwaka 1969 alipopelekwa mafunzoni. Alipokwenda Kolwezi kwa matibabu mwaka jana aliniachia mimi, si watoto wake, na aliniachia kwa heshima. Mwezi wa tatu lori langu la unga wa mahindi kutoka Zambia lilizuiliwa mpakani wakati wa mvua, magunia yakaanza kuloa, na kila siku niliyokaa pale nililipa. Niliuza saa kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini kwa dola 2,200. Unga ulitoka. Baba mkubwa anarudi mwisho wa mwezi, na yule mtu wa Kasumbalesa nimekwisha kumpa dola 150 kati ya 400.

Msinihukumu kabla ya kunielewa. Sikuiba, niliazima thamani yake, na nia yangu ni kuirudisha ya asili biashara ikikaa sawa. Nakala ni ya kumtuliza mzee tu kwa miezi michache.

BonifaWaKatuba

Jibu ni jepesi. Mzee akiuliza saa yake, mpakulie bukari (ugali) ya moto, umwambie: ndiyo hii, baba, tumeisonga.

MamaKadima

Bonifa, huu si wakati wa mizaha. Na wewe mwanangu, aliyekuachia kitu mbele ya watoto wake mwenyewe hakukuachia saa. Nenda Kolwezi ukamwambie kabla hajapanda gari.

MtotoWaNjanja, Lubumbashi

Mama, wewe humjui. Saa ile ni kama mtoto wake wa kwanza. Kila Jumapili aliisugua kioo kwa dawa ya meno, kama alivyosema Fundi. Kila mwezi wa siku thelathini ulipokwisha, alivuta taji ya ubavuni hatua moja, akasogeza tarehe peke yake bila mishale kutikisika, huku ametuita sisi watoto tutazame. Na usiku umeme ulipokatika, nukta zake zilituangazia kama macho ya paka. Nitasimamaje mbele ya mtu wa namna hiyo niseme nimeiuza kwa ajili ya unga?

KalamuNyeusi

Samahani, lakini hadithi hii imetungwa, na mtungaji hakusoma vya kutosha. Datejust 1601 haina njia ya kusogeza tarehe peke yake. Ukitaka kuibadilisha, unazungusha mishale ipite saa sita usiku, siku baada ya siku, mpaka ifike unapotaka. Rolex ilileta mtambo wa 3035, unaosogeza tarehe haraka kwenye Datejust, mwaka 1977. Huyo mzee wa Brussels wa 1969 alikuwa anavuta nini mbele ya watoto? Ama ututumie picha, ama ukubali kwamba hakuna lori, hakuna mzee, na sisi tunachangia tamthilia.

MtotoWaNjanja, Lubumbashi

Sina sababu ya kutunga. Niliyaona kwa macho yangu nikiwa na miaka minane, na nimeyaona tena mwaka jana. Picha niliyompigia mnunuzi ninayo, lakini siwezi kuiweka hadharani.

FundiMkono

Kalamu, subiri kidogo. Mtu anayetunga husoma kwanza, kisha hupatia. Huyu amekosea kama anavyokosea mtu anayesimulia alichokiona.

Ndugu, kuza picha hiyo mwenyewe, utazame ukingo wa chini wa uso wa saa, chini ya alama ya saa sita. Nukta za miaka ile zilipakwa tritiamu, dawa ya kung'aa gizani, na uso wake huandikwa herufi T pande zote mbili za neno SWISS. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo nukta za 1969 haziwezi kuwa macho ya paka leo, isipokuwa zimepakwa upya. Kupakwa upya kunawezekana, na hata uso mzima hubadilishwa karakana. Lakini tarehe ile pamoja na mwanga ule ni mzigo mzito kwa saa moja. Umeona nini?

MtotoWaNjanja, Lubumbashi

Imeandikwa SWISS MADE. Hakuna T.

BonifaWaKatuba

Eeeh! Basi mwenye unga ndiye aliyepata, mwenye saa ndiye aliyeloa.

FundiMkono

Siwezi kuhukumu bila kufungua kifuniko. Mara nyingi kwa ndani zile za zamani zina robo ya mwaka kwa namba za Kirumi pamoja na mwaka wenyewe, na mtambo hauwezi kujificha. Lakini usimlipe mtu wa Kasumbalesa hata senti moja zaidi. Na utakapomfikia mzee, muulize taratibu miaka ile ya tisini mishahara ilipokatika aliishije. Wazee wengi waliniletea saa zao wakati ule ili niziuze, na baadhi yao walirudi kuniomba kitu cha kufanana nazo, kwa ajili ya watoto waliozoea kuziona.

KalamuNyeusi

Kama ni hivyo, naondoa neno langu kuhusu mzee. Lakini mfanyabiashara wa dola 2,200 naye ana fundi wake.

MtotoWaNjanja, Lubumbashi

Amenipigia simu mara mbili jioni hii. Sijapokea.