Natoka maabara naingia ugavi: MBA ya kutwa au ya jioni? Nipo Mtwara

BintiShangani
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, na msinicheke.

Nina miaka 32, mteknolojia wa maabara, mwajiriwa wa serikali hapa Mtwara, mwaka wa saba sasa. Kazi naijua ila moyo umeshatoka. Tangu gati jipya lianze kazi na makaa ya mawe ya Ruvuma yaanze kushuka kwa malori, kila nikipita bandarini naona maisha yako kule. Nataka kuingia ugavi na usafirishaji wa mizigo.

MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara, nimeshaamua kusoma, kinachonisumbua ni aina. Ya kutwa maana yake nihamie Dar, niombe ruhusa ya masomo, na mtoto wa miaka minne nimwachie bibi yake. Ya jioni nabaki na mshahara. Akiba ninayo milioni 9, za vikoba na shamba la korosho la marehemu baba. Mume anasema niamue mwenyewe, yaani hataki lawama baadaye.

Mliobadilisha fani mlipita wapi?

Nauli_Kwanza
Dada, ya jioni ya wapi? Vipindi vya jioni vinaanza watu wakitoka kazini, na wewe kazini kwako ni Mtwara. Toka hapo hadi Dar ni zaidi ya kilomita 500.

Mimi nilijaribu ya wikiendi nikiwa Lindi, na Lindi ni karibu kuliko kwako. Ijumaa naaga mapema nawahi basi, Jumamosi na Jumapili darasani, Jumatatu nasinzia mezani. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara kule Somanga, nikakosa mitihani miwili. Kwa mtu wa kusini, MBA ya jioni ya Dar ni ya kutwa yenye nauli juu. Kama mshahara huachi, kawaulize Chuo Kikuu Huria, wana kituo Mtwara.

BintiShangani
Huria nimewafikiria. Naogopa kusoma peke yangu, najijua.

Kangomba_Mstaafu
Milioni 9? Msimu wa korosho ukifunguliwa nipe mimi, Januari nakurudishia 12 😀

Nauli_Kwanza
Mstaafu gani wewe, kangomba ya kununua korosho kwa magendo hujaacha, utamponza dada wa watu.

Bosi_wa_Jana
Mimi nasema aende ya kutwa. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, nikahamia Dar nikasoma mchana kweupe. Darasani nilikaa na watu wa benki, wa meli, wa mitandao ya simu. Kazi ya kwanza nilipewa na mwenzangu wa kundi la mazoezi, cheti hata hakikuwa kimetoka. Wale wa jioni walikuwa wanaangalia saa tu, mwalimu akimaliza wanakimbilia daladala, wala majina hatukujuana. Ndoa yangu iliyumba mwaka ule, hilo nalo nalisema.

Mtumbwi
Hoja ya Bosi ina nguvu zaidi kwa vyuo vya nje. Marekani MBA ya kutwa kwa kawaida ni miaka miwili, na katikati kuna likizo ya kiangazi ambayo mwanafunzi anakwenda fildi kwenye kampuni. Hapo ndipo wengi wa wanaobadilisha fani wanapopatia pa kuingilia. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada hapa nyumbani uliza: fildi ipo? Chuo kinakutafutia au unajitafutia? Kama ni vipindi na utafiti wa mwisho basi, utakuwa umeacha mtoto ili usome mchana kile kile ambacho wenzako wanasoma jioni.

MzeeWaGati
Mdogo wangu, nimekula chumvi kwenye uwakala wa forodha na maghala ya korosho. Naona wote wanabishana saa za darasa, hakuna aliyekwambia kwamba MBA haikufanyi afisa ugavi. Cheo hicho kinataka usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, PSPTB, nao wana mitihani yao. Ukitaka forodha, kuna cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha kinachofundishwa Chuo cha Kodi, cha miezi, si miaka. Nimeona mwenye MBA akimbebea mafaili kijana mwenye cheti hicho.

Halafu nikuulize. Vitendanishi vya maabara yenu, hizo kemikali za kupimia, nani anaagiza?

BintiShangani
Mimi. Kila mwisho wa mwezi nahesabu, najaza leja, natenga vinavyokaribia kuisha muda, naandaa oda. Mwaka juzi nilikosea hesabu mwenyewe, stripu za sukari zikaisha kabla ya oda nyingine, nikazunguka vituo vitatu kuazima.

MzeeWaGati
Kumbe ugavi unaufanya siku zote! Tatizo wasifu wako umeandika "mteknolojia wa maabara" ukanyamaza.

Sasa sikiliza. Likizo yako ya siku 28 usiipeleke Desemba kwenye pilau. Ichukue Novemba, korosho zikiwa zimejaa ghalani. Nenda kama mtu wa kujifunza, usisaini ajira ya mtu. Pale tunachukua sampuli ya kilo moja, tunahesabu korosho, tunapima unyevu, tunakata moja moja katikati. Nzima huku, zenye madoa huku, zilizooza huku. Tunapima uzito, tunapata ratili ngapi za kiini kwa gunia la kilo 80. Bei inasimama juu ya namba hiyo, na vijana wengi wanaikimbia. Wewe umezoea kuhesabu vimelea kwenye darubini, hilo litakuwa jepesi.

Siku 28 zikiisha na vumbi, makelele ya makuli na foleni ya malori hujavichukia, ndio uje na swali lako la kutwa au jioni. Ukivichukia, milioni 9 zako ziko pale pale.

Bosi_wa_Jana
Mzee, hapo sina ubishi. Ila akipenda, bado nasema aende Dar.

BintiShangani
Nimesoma zote, ahsanteni. Dirisha la udahili la mwaka huu naliacha lipite, Novemba naomba likizo. Mzee, shikamoo, ghala gani linakubali mtu wa kujifunza?

MzeeWaGati
Marahaba. Njoo inboksi. Na ubebe glavu zako za maabara, mafuta ya ganda yanaunguza vidole.