Kadi ya mkopo yenye pointi: nirudi benki yangu ngumu au niweke amana ya dhamana?

Mtumba_Mpya
Habari za jioni wakuu. Nipo Dodoma, mwaka wa pili sasa. Nataka kadi ya mkopo yenye pointi, ile ukilipia kitu pointi zinajikusanya, baadaye unazigeuza tiketi au vocha. Benki inayopitisha mshahara wangu ni waoga kupita kiasi. Mwaka jana niliomba, wakasema "tutakupigia", mpaka leo. Sasa nina njia mbili: niombe tena palepale, au niende benki nyingine ambayo inataka niweke amana ya milioni 2 ifungwe mwaka mzima, wao wanipe kadi yenye limiti chini kidogo ya hapo. Ipi ina nafasi zaidi? Natakiwa kuamua kabla ya mwisho wa mwezi, nina safari na hoteli inataka kadi. Wale wa "fungua banda la kuku" naomba mpite kimyakimya.

Binti_Kisasa
Mkuu umeandika mengi, ya muhimu umeyaficha. Ajira ya kudumu au mkataba? Mshahara unapita hapo miezi mingapi? Una mkopo mwingine? Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wanakukata? Bila hayo tunapiga ramli tu.

NgojaWaje
Nimekaa paleee na kahawa yangu. Wajuzi waje.

Mzee_wa_Majengo
Kadi ya mkopo ya nini kijana? Mimi nina TemboCard yangu ya CRDB miaka yote, nalipia nitakapo na haijawahi kunidai hata senti.

Binti_Kisasa
Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya kwako ni debiti, inakata pesa yako mwenyewe. Anayoitaka huyu inakata pesa ya benki kwanza halafu anarudisha. Ndiyo maana wanamchunguza kama anakwenda kuposa.

Mzee_wa_Majengo
Marahaba. Sasa si ndiyo nauliza, ya nini?

Mtumba_Mpya
Mkataba wa miaka miwili, umebaki miezi saba. Bodi wananikata. Na kuna mkopo wa pikipiki unaisha Desemba. Sikuona kama ni muhimu.

Dawati_la_Mikopo
"Sikuona kama ni muhimu" 😀 Mkuu, hayo ndiyo yote.

Nimekaa dawati la mikopo miaka tisa, nikuambie tunavyosoma fomu. Jambo la kwanza ni mkataba. Miezi saba iliyobaki hakuna afisa anayejipenda atakayekupitishia kadi, hata uwe na tabia za malaika. Subiri barua ya kuongezewa mkataba ndiyo uombe. La pili ni makato: Bodi wanachukua asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi, pikipiki nayo inachukua chake, na mtu wa mikopo anaangalia kama unabaki na angalau theluthi moja. Ukimaliza pikipiki, ombi lako linakuwa jipya kabisa.

Halafu taarifa ya akaunti. Tunaona mshahara umeingia tarehe 24 asubuhi, saa sita mchana salio ni 2,300. Wewe unajua umehamishia kwenye simu ulipe kodi na ada ya mtoto, sisi tunaona mtu ambaye hana akiba hata ya siku moja. Acha kitu mle ndani, hata laki mbili, miezi sita mfululizo. Na omba limiti ndogo. Watu wanaandika milioni 5 kwa mshahara wa laki tisa, mnategemea nini?

Usiombe benki tatu wiki moja pia. Kila anayechungulia taarifa zako za mikopo anaacha alama, na anayefuata anajiuliza wenzake walikukatalia nini.

Kijana_Ipagala
Hapo kwenye taarifa za mikopo nitoe ushuhuda. Mimi niliombea kadi benki moja hapa mjini (siitaji), nyaraka zote safi, ajira ya kudumu, sina mkopo wowote. Nikakataliwa. Nikauliza sababu, dada wa kaunta ananiambia "mfumo umekataa". Nikarudi mara tatu. Mara ya nne meneja akanihurumia, akanikalisha, akageuza kioo cha kompyuta kidogo nikaona jina langu na mstari mwekundu: deni la shilingi 14,600.

Wakuu, 14,600! Mkopo wa kwenye simu. Laini niliipoteza stendi nikihama kutoka Mwanza, nikasajili ya mtandao mwingine, maisha yakaendelea. Kumbe nilikuwa nimekopa ile ya kumalizia muamala, nikasahau, na deni limekaa miaka linanisubiri. Kulilipa lenyewe kazi, maana laini haipo. Huduma kwa wateja wananiambia nipige kwa namba iliyokopa. Sasa ningekuwa nayo ningekuwa napiga kwako? Ilichukua wiki tano, barua ya polisi ya upotevu na safari mbili dukani kwao. Baada ya kulipa, taarifa ikakaa tena zaidi ya mwezi haijabadilika.

Ombeni taarifa zenu kabla hamjaomba kadi. Zipo kampuni zilizopewa leseni na BoT (Benki Kuu) kutunza taarifa hizo, kama Creditinfo, na ni haki yako kuona wanachoandika juu yako.

NgojaWaje
14,600 imemnyima mtu kadi. Nchi hii.

Mhasibu_AreaD
Mimi naona mnampeleka pabaya wote. Pointi zenyewe zina faida gani hapa? Tuseme unarudishiwa asilimia 1, na kwa mwezi unapitisha laki nne kwenye kadi. Hiyo ni 4,000, kwa mwaka 48,000. Toa ada ya mwaka. Kinachobaki labda tiketi moja ya treni ya SGR kwenda Dar, kurudi ujitegemee. Na hiyo laki nne utaipitisha wapi? Sabasaba unanunua nyanya kwa kadi? Mangi wako ana mashine? Ana Lipa Namba. Kadi itabaki ya supamaketi na mafuta. Ukichelewa kulipa mwezi mmoja tu, riba inameza pointi zako za mwaka. Na usithubutu kutolea pesa ATM, riba inaanza kuhesabu siku hiyohiyo.

Binti_Kisasa
Si kila mtu ananunua nyanya Sabasaba mkuu. Wengine tunasafiri. Debiti ukiiacha hotelini wanashikilia pesa yako, siku nne huioni wakati umeshaondoka. Kadi ya mkopo wanashikilia ya benki.

Abuu_Chang'ombe
Riba ni riba tu, hata ikiwa na pointi. Benki za Kiislamu zipo, ulizeni.

Mhasibu_AreaD
Sheikh, ukilipa yote ndani ya muda hakuna riba. Ila uzi usigeuke darsa.

Mkulima_Hombolo
Nyie mna slipu za mshahara mnalalamika. Mimi nauza zabibu, pesa inaingia kwa misimu miwili kwa mwaka. Benki wakiona akaunti imelala miezi minne wanadhani nimekufa. Kwangu hiyo ya amana ndiyo njia pekee, pesa yao ipo mikononi mwao, hofu ya nini? Nimeweka ya msimu wa mwanzo wa mwaka.

Dawati_la_Mikopo
Mkulima yuko sahihi kwake. Mtumba, kabla hujafunga hiyo milioni 2 uliza mambo haya: amana inalipwa riba au inalala bure? Malipo yako wanayapeleka kwenye taarifa za mikopo? Kama hawapeleki, mwaka utaisha na benki yako ngumu haitajua kama ulikuwa mlipaji mzuri. Na ukitaka kufunga kadi, amana wanaiachia baada ya siku ngapi?

Mtumba_Mpya
Hayo sikuuliza. Kesho nampigia. Ila hiyo milioni 2 wakuu, nilikuwa nimeipangia pia kiwanja Ihumwa...

Binti_Kisasa
Haya, lingine hilo. Lilifichwa tena!

Mzee_wa_Majengo
Kiwanja kijana. Kiwanja hakikudai.

NgojaWaje
Mkulima, zabibu za sasa hivi kilo shilingi ngapi hapo shambani?