Nilibatizwa mchanga Moravian, sasa naambiwa nizamishwe. Nifanyeje?

Mwali_wa_Tukuyu:
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mimi ni mtoto wa Moravian, Rungwe huko migombani. Nilibatizwa nikiwa na miezi minne, cheti anacho bibi kwenye sanduku lake la bati. Sasa hivi nauza viazi Mwanjelwa na mchumba wangu ni mlokole. Kanisani kwao wamenipokea vizuri mno, ila kabla ya ndoa natakiwa nibatizwe kwa maji mengi. Wanasema ule wa utotoni nilinyunyiziwa tu, sikuelewa kitu. Imepangwa Julai, na Mbeya ya Julai mnaijua.

Nikampigia bibi. Akanyamaza weee, kisha: "Kwa hiyo siku ile mchungaji alikumwagia uji?" Akakata. Hapokei simu mpaka leo.

Baridi nitaivumilia. Ninachouliza: nikizamishwa, nitakuwa nimekubali kwamba ule wa kwanza haukuwa kitu?

Mzee_wa_Baraza:
Marahaba mwanangu. Tunabatiza wachanga kwa kuwa neema hutangulia, wala haingoji mtu aelewe. Wazazi na wasimamizi wanakiri imani kwa niaba ya mtoto, naye akikua anafundishwa, anasimama mbele ya usharika anakiri kwa kinywa chake. Wasikuambie kanisa lako ni la juzi. Wamisionari walifika Rungwe 1891, lakini mzizi uko Bohemia huko Ulaya, kwa wafuasi wa padri Jan Hus aliyechomwa moto 1415 kwa mafundisho yake. Umoja wa Ndugu, ndio sisi Moravian, ulianza 1457, miaka 60 kabla ya Luther na hoja zake. Soma Waefeso 4:5, ubatizo ni mmoja.

Nyikani_Uyole:
Mzee nakuheshimu, ila kanisa kuwa la zamani hakumfanyi mtu aamini. Marko 16:16 inaanza na aaminiye, ndipo abatizwe. Filipo na yule towashi walishuka majini wote wawili, Matendo 8. Mimi nilikuwa KKKT, yaani Mlutheri, mpaka kipaimara, nikazamishwa na miaka 26. Kwetu huo hauitwi wa pili, ndio wa kwanza. Lakini dada, usiingie majini kwa ajili ya harusi. Utatoka umelowa tu.

Mzee_wa_Baraza:
Matendo 16, mlinzi wa gereza alibatizwa na watu wake wote usiku uleule. Nyumba nzima haikuwa na mtoto?

Nyikani_Uyole:
Haijaandikwa kwamba alikuwepo.

Mzee_wa_Baraza:
Wala kwamba hakuwepo.

Mama_Kihesa:
Kamwene! Jamani mwacheni binti apumue. Mimi nilitoka KKKT nikaolewa na Mkatoliki hapa Iringa, nikaamua kuingia kwao. Padri aliniuliza mawili: ulibatizwa kwa maji? Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu? Nikaleta cheti, akakisoma, basi, sikumwagiwa hata tone. Kipaimara ndicho nilichorudia, maana cha Kilutheri hawakihesabu kuwa sakramenti (hapo mama yangu alinuna mwezi mzima). Kwao ubatizo unaacha alama isiyofutika, haurudiwi. Wakiwa na shaka ya kweli kama ulifanyika, ndipo wanabatiza kwa masharti.

Kwa hiyo, mwanangu, kwa Mzee hapo juu ukizamishwa umeukana ule wa kwanza. Kwa walokole hakuna cha kukana. Wewe ndiye useme uliamini lini. Na panda Noah uende kwa bibi, haya si mambo ya kwenye simu.

Mwali_wa_Tukuyu:
Ndaga fijo wote. Nimeenda Jumapili. Bibi kanipikia mbalaga, hakusema ndiyo wala hapana. Tulipomaliza kula kafungua sanduku, kanionesha cheti na picha: niko kwenye nguo nyeupe nalia, na aliyenibeba mbele ya mchungaji ni yeye. Mama alikuwa amelazwa siku hiyo. Sikuwahi kuambiwa.

Mchumba nimemwomba Julai tuiache kwanza. Kakubali, ila anataka aione hiyo picha. Bibi kasema haitoki nyumbani, aje mwenyewe.