Kushusha 12V za betri ya sola hadi 5V kwa bei nafuu

Uyole: Wakuu, nataka 5V 2A za kuchajia simu kutoka betri ya sola. 7805 (aisii ya kushusha umeme hadi 5V) inaunguza vidole hata nikiifunga bati la kupoza joto. Niweke nini?

Iringa: Achana nayo. Betri ikichajiwa hufika 14.4V, kwa hiyo (14.4 − 5) × 2 = wati 18.8 za joto tupu, na 7805 yenyewe si ya ampia 2. Chukua LM2596-5.0 (aisii inayoshusha volti kwa kukata na kuunga umeme haraka, haichomi ziada yote kama joto), koili 33µH ya ampia 3, kapasita 470µF 35V upande wa betri, 330µF 16V upande wa simu, diodi 1N5822 (ya Schottky, inayofunga haraka). Fyuzi 2A kwenye chanya ya betri.

Uyole: Diodi za 1N4007 ninazo tele, haziwezi kukaa badala ya 1N5822?

Tukuyu: Thubutu! LM2596 hukata na kuunga mara 150,000 kwa sekunde. 1N4007 ni ya umeme wa 50Hz, inachelewa kufunga, mkondo unarudi nyuma, mwisho inachemka pamoja na aisii. Miguu ya diodi iwe mifupi, na pini ya 4 ya LM2596 (inayopima volti ya kutoka) iunge kwenye chanya ya kapasita ya kutoka, si kabla ya koili.

Iringa: Ukinunua bodi iliyokwisha kuundwa yenye skrubu ya kurekebisha volti, pima kwanza kwa mita na uiweke 5V ndipo uchomeke simu. Nyingi hutoka dukani zikiwa juu ya 5V.