Naomba ushauri: je, nimpe mtoto anayeharisha unga wa probiotiki?

Mama wa Makorora

Assalaam aleikum ndugu zangu, na habari za jioni kwa nyote. Naandika kutoka Makorora, hapa Tanga. Binti yangu ana umri wa mwaka mmoja na miezi miwili, na tangu juzi usiku anaharisha. Choo ni cha majimaji, hakina damu. Alitapika mwanzoni lakini sasa ametulia, ananyonya vizuri na anacheza. Zahanati walimpima, wakasema hana dalili za upungufu wa maji mwilini, wakanipa pakiti za ORS (chumvi na sukari za kuchanganya na maji) na vidonge vya zinki.

Nilipopita famasia kununua nepi, muuzaji alinishauri niongeze unga wa probiotiki, yaani bakteria wazuri wa tumboni, akidai kwamba huo ndio unaokata kuharisha na kwamba ORS ni maji ya chumvi tu. Bei yake si haba: kwa fedha ile ningewanunulia ORS watoto wa mtaa mzima. Mama mkwe wangu naye anasema mtindi unatosha, ila nisimamishe kwanza kunyonyesha. Naomba mwenye ujuzi anieleze kama unga huo unasaidia kweli, au nitakuwa natupa fedha.

Baba Pacha

Pole sana dada. Mimi wanangu wote wawili waliwahi kuharisha kwa wakati mmoja, nikawanunulia unga wa aina hiyo, na kesho yake choo kikaanza kushika. Ukiwa na uwezo, nunua. Afya ya mtoto haina bei.

Mfamasia wa Ngamiani

Dada, pole kwa kuuguliwa. Unga huo nami nauuza, kwa hiyo haya ninayoyasema hayaninufaishi.

Kaka Baba Pacha ameeleza alichokiona, na sina sababu ya kumpinga. Ila kuharisha kwa ghafla kwa mtoto mdogo, ambako mara nyingi huletwa na virusi, hukoma kwenyewe ndani ya siku chache, na mzazi aghalabu huja dukani siku ya pili au ya tatu, wakati ugonjwa umeshaanza kuaga. Chochote atakachouziwa siku hiyo kitapata sifa. Ndiyo maana watafiti huwagawa watoto katika makundi mawili, kundi moja likapewa dawa na jingine unga mtupu unaofanana nayo, huku mzazi na daktari wote hawajui nani kapata nini.

Majaribio mawili makubwa ya namna hiyo yalichapishwa mwaka 2018. La Marekani lilihusisha watoto 971 wa umri wa miezi 3 hadi miaka 4, na bakteria aliyetumika ni Lactobacillus rhamnosus GG, ambaye ni miongoni mwa waliochunguzwa zaidi duniani. Kuharisha kulidumu takriban saa 50 katika makundi yote mawili. La Kanada, lenye watoto 886 na mchanganyiko wa bakteria wa aina mbili, nalo halikuona faida. Muuzaji wako huenda anarudia jambo ambalo zamani lilikuwa na msingi, kwa sababu mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti zote za jambo moja, yalionyesha kwamba probiotiki hupunguza muda wa kuharisha kwa karibu siku moja. Lakini mapitio hayo yalirudiwa mwaka 2020 yakiwa na tafiti 82, na zilipotazamwa zile zilizofanywa kwa uangalifu mkubwa, faida ile haikuonekana: idadi ya waliokuwa bado wanaharisha baada ya saa 48 ilikaribiana, wametumia au hawakutumia.

Sisemi kwamba mlango umefungwa kabisa. Mwaka 2023 wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya tumbo ya watoto waliruhusu aina chache zifikiriwe, japo wenyewe waliyaita mapendekezo hayo dhaifu. Wenzao wa Marekani mwaka 2020 walishauri zisitumike. Shirika la Afya Duniani, katika matibabu yake ya kawaida ya kuharisha, linataja ORS, zinki, kunyonyesha na kuendelea kumlisha mtoto. Probiotiki haimo.

Hilo la ORS kuwa maji ya chumvi tu ndilo lililonikera zaidi. Glukosi iliyomo humo hupenya ukuta wa utumbo mwembamba pamoja na sodiamu, na maji hufuata nyuma yake, hata wakati utumbo huo unaumwa. Haikati kuharisha, ni kweli. Kazi yake ni kumzuia mtoto asikaukiwe, na kukaukiwa ndiko kunakoua.

Shangazi wa Chumbageni

Mwanangu, msikilize huyo mfamasia, lakini jambo la kunyonyesha lisikupite. Mwambie mama mkwe kwa adabu, ikiwezekana mbele ya mumeo ili isionekane unabishana naye, kwamba mtoto anayeharisha hunyonyeshwa mara nyingi zaidi. Ziwa lina maji, lina chakula na lina kinga.

Mtindi si mbaya kwa mtoto wa umri huo, mradi umetokana na maziwa yaliyochemshwa na haukukaa juani. Mpe kama chakula, pamoja na uji na ndizi ya kupondwa, bila kuutegemea kuwa dawa. Dafu nalo, ambalo hapa Tanga watu hukimbilia haraka, anaweza kunywa kidogo, ila sodiamu yake ni ndogo mno kuweza kushika nafasi ya ORS. Soda na juisi za dukani usimpe kabisa. Sukari yake nyingi huvuta maji tumboni na kuzidisha kuharisha.

Mama wa Makorora

Nashukuru sana shangazi, nawe kaka mfamasia. Nina swali jingine linalohusiana na hili. Kaka yake, mwenye miaka minne, yuko kwenye dozi ya amoksilini kwa ajili ya sikio, na tangu aianze choo chake kimelegea. Je, jibu ni lile lile?

Mfamasia wa Ngamiani

Hapana, na umefanya vyema kutenganisha mambo haya mawili. Antibayotiki huua pia bakteria wanaokaa tumboni bila madhara, na hapo probiotiki ina ushahidi bora zaidi. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yenye tafiti 33, yalionyesha kwamba kati ya watoto waliopewa probiotiki sambamba na antibayotiki, 8 katika kila 100 walipata kuharisha, ilhali miongoni mwa wasiopewa walikuwa 19. Angalia hata hivyo kwamba hiyo ni kinga inayoanza pamoja na dozi. Choo kikishalegea, hesabu hiyo haitumiki moja kwa moja. Mwanao asiikatishe amoksilini bila kumwona aliyemwandikia.

Ukiamua kununua, soma jina kamili kwenye boksi. Saccharomyces boulardii ni hamira, kwa hiyo antibayotiki haiiui. Lactobacillus ni bakteria, na kwa kawaida hutenganishwa na dozi ya antibayotiki kwa saa kadhaa. Uliza pia imehifadhiwaje, maana baadhi huhitaji friji, na boksi lililokaa kwenye rafu linalopigwa na jua la mchana la Tanga huenda limebaki na bakteria wafu. Mtoto mwenye kinga dhaifu sana, au aliyelazwa akiwa na mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, asipewe bila daktari kuamua, kwani imewahi kutokea hamira hiyo ikaingia kwenye damu.

Muuguzi wa Watoto

Naongeza ya jikoni tu. Soma pakiti ya ORS kwanza: nyingi ni za lita moja, lakini zipo za ujazo mdogo, na ukikosea maji mchanganyiko utakuwa na chumvi nyingi au kidogo mno. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, na kinachobaki baada ya saa 24 kimwage. Kwa binti yako, mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, kwa kijiko au kikombe, taratibu. Akitapika subiri dakika 10, kisha endelea polepole zaidi.

Zinki kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Wazazi wengi huiacha mara choo kinapokaza, na sehemu ya faida yake, ambayo ni kupunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi inayofuata, huipoteza hapo. Kidonge kiyeyushe kwenye kijiko chenye maziwa yako uliyokamua.

Akiwa mlegevu, macho yakadidimia, akashindwa kunywa, akatapika kila kitu, akapata degedege au choo kikawa na damu, usisubiri majibu ya humu. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Bombo, hata kama ni usiku wa manane, na njiani endelea kumpa ORS ikiwa anaweza kumeza.